Uzi Usiong'aa

Mdarizi yeyote anaweza kupendezesha mbele. Hilo Bi Asmahani alilisema tangu ujana wake, tena kwa midomo iliyobetuka kidogo, maana hapo alikuwa anawasema watu. Kazi, kwake yeye, ilikuwa nyuma. Ukimpelekea kofia ya viua iliyoshonwa na mtu mwingine, haisifu wala haipondi, anaipindua kwanza. Akikuta nyuzi zimekatizana huko ndani kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi, anakurudishia na neno moja: "Haya." Na hiyo haya yake iliuma kuliko tusi.

Kofia zake yeye hujui ndani ni wapi na nje ni wapi. Sindano ilipita matabaka yote, ikatoka pale ilipotakiwa kutoka, ikarudi. Alikuwa na miaka sitini kasoro miwili, mjane, anakaa Usagara, Tanga mjini, kwenye nyumba ya vyumba viwili na baraza, miwani imefungwa uzi mguuni, na kiburi hicho kimoja tu. Mtu mwenye kiburi kimoja si mtu mbaya, mimi simsemi. Lakini na kimoja nacho kinatosha, nyie ngojeni tu.

Ukuta kwa ukuta naye alikaa Bibiana, mtu wa Muheza, ambaye baba yake alikata mkonge mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Bibiana ni Mkatoliki wa kwenda misa ya kwanza, asiyependa kuchelewa wala kucheleweshwa. Wawili hao wameishi ujirani wa miaka ishirini na miwili na wamegombana mara moja, tena kwa sababu ya kuku. Kila Idi bakuli la Bi Asmahani, lile la maua ya buluu, lilivuka kwenda kwa Bibiana limejaa pilau. Lilikaa siku mbili tatu, likarudi na machungwa, au maandazi, na mwaka mmoja wa dhiki lilirudi na chumvi kiganja kimoja, kwa sababu bakuli la jirani halirudi tupu. Krismasi ilikuwa zamu ya Bibiana. Na Kristofa, mwana wa pekee wa Bibiana, alikua akila kwenye milango yote miwili, na Bi Asmahani alimwita mwanangu bila kufikiri.

Kristofa akawa fundi magari, na ufundi ukamtia wazimu wa mbio. Alijenga gari lake la mashindano kutoka kwenye gari kuukuu ambalo mwenye nalo alilitupa, na mchumba wake, Dorkasi, binti wa Kisambaa kutoka Lushoto, akawa msoma ramani wake. Katika mbio hizo watu hukaa wawili: mmoja anaendesha, mwingine anamwambia kona inayokuja ikoje. Bibiana hakumpenda sana Dorkasi. Alisema ana suruali nyingi mno. Lakini harusi ilikuwa imeshapangwa, na kanisani walikuwa karibu kuanza kutangazwa. Ndoa hutangazwa Jumapili tatu mfululizo, ili mwenye pingamizi ajitokeze, na wao walikuwa bado hata moja walipokuja barazani kwa Bi Asmahani na ovaroli mbili zimekunjwa mkononi.

"Shikamoo, mama," alisema Dorkasi.

"Marahaba, mwanangu. Hizo ni za kuendea mwezini?"

Zilikuwa ovaroli za kuzuia moto. Dorkasi alimwonyesha lebo iliyoshonwa ukosini, yenye namba za kuthibitisha kwamba nguo ile imepimwa kwa moto wa kweli ikafaulu. Bila lebo ile, mkaguzi wa mbio hakuruhusu hata ukae ndani ya gari. Kitambaa kilikuwa matabaka matatu. Walitaka majina tu, kifuani, KRISTOFA moja na DORKASI nyingine. Na Dorkasi alitoa mfukoni kibunda cha uzi uliozungushiwa kwenye gamba la karatasi ngumu.

"Tafadhali, mama, ushone kwa uzi huu huu," alisema. "Nimeuagiza Nairobi, nao umepimwa, hauungui. Halafu sindano isifike ndani. Ishike tabaka la juu peke yake."

Bi Asmahani alimtazama juu ya miwani. "Mimi nimeshika sindano kabla mama yako hajaposwa," alisema. Kristofa akacheka, Dorkasi naye akacheka kwa adabu, wakaaga.

Sasa sikilizeni alichofanya mwanamke huyu, na mimi nampenda. Alikaa na uzi ule jioni nzima. Ulikuwa wa manjano iliyofifia, rangi ya uji wa muhogo, mkavu kwenye vidole. Alijaribu herufi moja kwenye kipande cha kitambaa, ikakaa imenuna. Akaigeuza hivi, akaigeuza vile, haing'ai. Ndani ya kopo lake la biskuti alikuwa na uzi wake mwenyewe, ule unaoitwa hariri madukani, ambao ni nailoni iliyopewa jina zuri, rangi ya dhahabu, anaouwekea makosi ya kanzu za maharusi. Akafikiri habari ya Kristofa kusimama mbele ya watu wa Tanga nzima na jina limenuna kifuani, na watu wakiuliza kashonewa na nani.

Uzi wa Dorkasi aliusukuma chini kabisa ya kopo, hata haukupungua shubiri mbili. Akashona kwa dhahabu. Na sindano akaipitisha matabaka yote matatu, kwa sababu mkono wake haukujua njia nyingine, na kwa sababu hawezi, hawezi, kuacha nyuma ya kazi yake ikiwa chafu. Usiku alipomaliza alizipindua zote mbili, akakuta majina yanasomeka ndani vizuri vilevile kama nje, kinyumenyume tu. Akalala na furaha.

Vijana walipozichukua walishukuru sana. Dorkasi alisema, "Kumbe uzi ule ukipata mkono unang'aa hivi." Bi Asmahani akasema, "Mkono, mwanangu." Na kweli hakuona ubaya wowote. Uzi ni uzi.

Mbio zilikuwa upande wa Pangani. Walipofika karibu na Mwera, wamebakisha kilomita chache na wako mbele ya magari yenye nguvu kuliko lao, bomba la mafuta likapasuka na moto ukaingia kwa mbele. Dorkasi alitoka, akarudi, akamfungua Kristofa mkanda uliokwama, akamvuta. Ilichukua muda mfupi tu, kama wa kusoma Baba Yetu hadi katikati, Bibiana alipenda kusema baadaye, lakini kifua cha Kristofa kilikuwa ndani ya moto muda huo wote.

Hakufa. Mikono ilitoka mizima na miguu mizima. Kiliungua kifua peke yake. Hata pale hakikuungua chote. Siku ya tisa nesi alipobadilisha bandeji, Bi Asmahani alikuwepo, amepeleka uji. Nesi alipofunua, Bi Asmahani aliona juu ya ngozi ya kijana yule herufi nane, nyekundu, mbichi, zimesimama sawasawa, zinasomeka, kila moja na ukubwa wake, bila hata moja kupanda wala kushuka. Alizitambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake. Aliweka bakuli la uji chini, akatoka nje ya wodi, akashika ukuta.

Aliyeichunguza ovaroli alikuwa Mzee Uweso, mkaguzi wa chama chao cha mbio, fundi mstaafu mwenye maneno machache. Alikuja mpaka nyumbani kwa Bibiana, siku Kristofa aliporuhusiwa kurudi. Bi Asmahani alikuwa mkekani, anampepea mgonjwa.

"Nguo imefanya kazi yake," alisema Mzee Uweso. "Angekuwa na shati, tungekuwa tumeshazika. Alitakiwa avae na fulana ya kuzuia moto ndani, hakuvaa."

"Joto, mzee," alisema Kristofa.

"Joto. Haya. Lakini kilichokuchoma ni uzi. Umeyeyuka ukapita ndani. Uzi gani huu?"

"Wenyewe, uliopimwa. Dorkasi aliuagiza." Kristofa akamgeuzia Bi Asmahani kichwa juu ya mto. "Mama, uzi ulibaki? Mzee aupime."

Hapo ndipo. Kama kuna mahali mtu angeweza kuchukua kisu akakata maisha ya Bi Asmahani vipande viwili, ni hapo. Uzi wote ulikuwa ng'ambo ya ukuta, chini ya kopo la biskuti. Bibiana alikuwa anamtazama, mkono wake uko juu ya paji la uso la mwanawe. Bi Asmahani akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Uliisha, mwanangu."

Alidhani limekwisha. Waongo wote hudhani hivyo. Lakini uwongo lazima ukae juu ya mtu, na huu ulimkalia Dorkasi. Kama uzi ulioletwa ndio ulioshonwa, na ulioshonwa ndio ulioyeyuka, basi Dorkasi kaleta uzi feki. Kesho yake Bibiana alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kwamba msichana kanunua uzi wa mtaani akamdanganya mwanawe. Majirani wakasema walijua. Kristofa hakusema kitu, na kule kunyamaza kwake ndiko kulikomuumiza Dorkasi, kwa sababu aliendelea kunyamaza hata wakiwa wawili. Matangazo ya ndoa yalikuwa yamesomwa mara mbili. Bibiana akaenda kwa paroko kumwomba la tatu lisisomwe kwanza.

Bi Asmahani aliacha kudarizi. Alisema macho. Alipika, alivusha chakula, lile bakuli la maua ya buluu lilikuwa halipumziki, na kila liliporudi lilirudi na kitu, nyanya, ndimu, na salamu za Bibiana: shoga'angu, Mungu akulipe. Alijitetea sana peke yake. Alisema, hakuvaa fulana. Alisema, bomba si mimi niliyelifunga. Alisema, hata mzee mwenyewe kasema nguo imemwokoa. Kisha anasimama kuswali na badala ya kuona pa kusujudia anaona herufi nane. Siku mbili alivaa baibui aende kwa Bibiana akaseme, na mara zote mbili alifika akaulizwa, "Umekula, shoga?" akajibu bado, akapewa chakula, akala.

Alikuwa anaona aibu. Na tuseme ukweli wote: si aibu ya kuua, maana hakuua. Alikuwa anaogopa watu wajue kwamba Asmahani aliambiwa namna ya kushona, akaelewa, akashona vingine.

Ijumaa moja baada ya swala, Dorkasi alikuja barazani. Alikuwa amepungua. Ovaroli yake ilikuwa mkononi, ile ambayo haikuungua, inanuka moshi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, mimi ule uzi niliuamini na naendelea kuuamini. Kesho napeleka ovaroli yangu kwa Mzee Uweso gereji, achome jina langu mbele ya Mama Bibiana na Kristofa. Zote mbili si ulizishona kwa uzi mmoja?"

Bi Asmahani alisema, "Mmoja." Na hilo nalo lilikuwa kweli.

"Basi hautaungua, wataona. Twende wote, mama. Wewe ndiye uliyeushika. Uwe shahidi wangu."

Angeweza kumwambia pale pale. Walikuwa wawili tu, baraza tupu, hata paka hakuwepo. Akasema atakuja. Dorkasi akambusu mkono, kitu ambacho hakuwahi kufanya, akaondoka. Yule mama wa watu alikaa pale akiutazama mkono wake mpaka adhana ya magharibi.

Jumamosi saa tisa mchana walikuwa gereji. Kristofa alikaa kwenye kiti cha plastiki, shati halijafungwa vifungo vya juu kwa sababu bado linakwaruza. Bibiana alisimama nyuma yake na mkoba wa kanisani kwapani. Mzee Uweso alitandaza ovaroli mezani.

"Nikiichoma hii haivaliwi tena," alimwambia Dorkasi. "Nitaandika imekataliwa."

"Choma, mzee."

Aliipindua kwanza. Bi Asmahani hakutegemea hilo. Miaka arobaini alikuwa akingoja watu wapindue kazi yake, na leo mtu amepindua, na akatamani meza ile imezwe na ardhi. Mzee Uweso alipitisha kidole juu ya jina, ndani, nadhifu, kinyumenyume.

"Mshono umefika ndani," alisema. "Kwa hilo peke yake ningeikataa. Sikuipindua ile ya kwanza siku ya ukaguzi. Nilitazama lebo nikaona inatosha. Hilo ni langu, nitalibeba."

Bi Asmahani alisikia mtu mzima akikiri kosa lake kwa sentensi tatu kama anayeomba maji, na akashangaa kumbe inawezekana.

Kiberiti cha gesi kikawashwa chini ya herufi D. Kitambaa kikawa cheusi kidogo, basi. Uzi ukajikunja, ukang'aa mara moja, ukayeyuka, na tone likadondoka kwenye sementi likaganda.

"Mmeona," alisema Bibiana. Hakusema kwa furaha.

Dorkasi alikuwa analitazama tone. Hakumtazama Bi Asmahani kabisa, wala hakumshuku. Alikuwa anajitazama mwenyewe. Akapiga magoti kwenye ile sementi yenye oili, mbele ya kiti cha plastiki.

"Nilidanganywa dukani," alimwambia Kristofa. "Lakini mimi ndiye niliyeuleta. Basi ni mimi niliyekuchoma. Nisamehe."

Na Kristofa akaanza kuinua mkono amwekee kichwani, amsamehe.

Kusamehewa kule ndiko ambako Bi Asmahani hakuweza kukuvumilia. Angevumilia Dorkasi atukanwe, na alikuwa amevumilia wiki tano. Lakini kumwona binti yule anaomba msamaha wa mtu mwingine, na anapewa, kulimtoa pale alipokuwa. Kibunda alikuwa nacho chini ya baibui tangu asubuhi. Alikichukua bila kujua atakitoa au atakitupa njiani, na njia nzima hakukitupa. Akakiweka mezani.

"Inuka, mwanangu," alisema. "Uzi wako huu hapa. Sikuushona."

Mzee Uweso alikata kipande, akakiwekea moto. Uzi ukawa mweusi, ukakaa vilevile, haukudondoka. Akakata kingine. Vilevile.

"Uliniambia uliisha," alisema Kristofa.

"Nilikudanganya."

"Kwa nini hukuushona, mama?"

Alikuwa amejiandalia majibu mengi kwa wiki tano, la macho, la kuchanganya, la uzee. Yote yalimkimbia.

"Haung'ai," alisema.

Kristofa alimtazama. Kisha akaanza kufunga vifungo vya shati, polepole, mpaka kile cha shingoni, ingawa lilimkwaruza na ilionekana usoni kwamba linamkwaruza. Dorkasi alikuwa bado chini. Bibiana ndiye aliyekwenda kumwinua, akamshika mkono wote, akampangusa magoti kwa kanga yake mwenyewe. Kwa Bi Asmahani hakugeuka.

Jumapili iliyofuata tangazo la tatu lilisomwa. Bi Asmahani alisikia habari hiyo kwa muuza maji. Harusi nayo aliisikia tu, nyimbo zikipita juu ya ukuta, vigelegele, mtu anaita watu wakae. Hakualikwa na hakutegemea. Chama kilipeleka barua kwa madereva wote, kila ovaroli yenye jina la kudariziwa ipinduliwe, na zilizotoka mkononi mwake, tatu nyingine za madereva walioiona ya Kristofa kabla ya mbio, zikakataliwa. Wenye ovaroli hizo hawakuja kugomba. Angependa wangekuja.

Idi ilipofika alipika pilau kama kawaida yake. Alijaza bakuli la maua ya buluu, akalifunika kawa, akalibeba hadi mlangoni kwa Bibiana, akagonga, akaliweka kizingitini, akarudi kwake kabla mlango haujafunguliwa. Aliona aibu ya kukimbia hivyo kwa umri wake. Siku ya kwanza halikurudi. Ya pili halikurudi. Alijiambia, wamekula angalau.

Siku ya tatu alikuja Dorkasi, sasa ni mke wa mtu, amefunga kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hajambo Kristofa?"

"Anaendelea. Mama kasema nikurudishie bakuli."

Lilikuwa limeoshwa vizuri, limekaushwa. Dorkasi alilishika kwa namna ya mtu anayetaka kusema zaidi na amekatazwa. Bi Asmahani alitazama ndani. Hapakuwa na chungwa, wala ndimu, wala chumvi.

Alilipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante.